Honorable Alinunuliwa kwa Kitunga cha Samaki

Hakufa! Nyinyi mlionisumbua wiki nzima mkiniuliza kama nimemuua Mama Nkandu, poeni. Mama Nkandu hakufa. Ni kweli tulimwacha sakafuni, kwenye chumba cha nyuma ya ukumbi wa parokia hapa Lubumbashi, miguu juu, kitabu kifuani, machozi yanamtoka, na Lydie anampepea kwa kitenge. Lakini yale hayakuwa machozi ya kufa.

Mama alikuwa anacheka. Tena anacheka vibaya, ile ya kukosa hewa.

"Mama Marceline!" Lydie akamtikisa. "Mama, unanitisha! Nini iko?"

"Unaniua, mutoto. Unaniua kabisa. Uliandika? Yote? Hata ile ya samaki?"

"Niliandika vile ulisema."

"Yoo, mama yangu weee!" Na akaanguka tena.

Sasa, kwa wewe ambaye umenunua gazeti hili leo tu, tena pengine kwa ajili ya kufungia ndakala, wale dagaa wetu, acha nikueleze haraka wenzako wasikasirike.

Lydie ni binti wa Papa David, mzee wa reli aliyestaafu, Mkatoliki wa kutoka kaskazini. Miezi yote hii amekuwa akiandika maisha ya Honorable Gauthier Chilufya, mwana wa Kasenga, waziri wa zamani wa jimbo, ambaye sasa anautaka ugavana kwa meno yote. Na meno yenyewe yako kwenye jalada. Chini ya meno, kwa herufi ndogo, kuna jina la Lydie.

Ni kitabu chake cha kwanza. Papa David ametembea na nakala tangu asubuhi, anaonyesha jirani, anaonyesha muuza maji, anaonyesha hata watu wanaomkimbia. Kikipokelewa vizuri leo mbele ya umati, Lydie ni mwandishi. Kikiharibika, atarudi kuwa yule binti anayeulizwa kila harusi, "Na wewe, kazi bado?"

Shida ilikuwa utoto wa Honorable. Kila Lydie alipouliza kuhusu utoto, Honorable alijibu kuhusu barabara. Nilizaliwa, nikajenga barabara. Nilienda shule, nikajenga barabara. Ndipo Lydie akaenda sokoni kwa Mama Nkandu Marceline, muuza samaki, aliyekua na Honorable mlango kwa mlango kule Kasenga. Mama alisema mpaka koo likakauka. Lydie akaandika kila neno, akaita sura ya tatu "Utoto wa Mateso".

Basi turudi sakafuni.

"Mama," Lydie akasema, na sauti yake ilikuwa imeanza kupungua, "ile bintu haikuwa kweli?"

"Kweli ya wapi? Gauthier njo munungwe yangu!"

"Munungwe ni nini?"

Mama Nkandu akaacha kucheka. Akakaa. Akamwangalia Lydie namna unavyomwangalia mtu anayekula ugali wa bukari kwa uma.

"Kwenu kule hamuna banungwe? Masikini. Sikiliza, mutoto. Gauthier iko mu bena Ngo, ukoo ya chui. Miye niko mu bena Mbushi, ukoo ya mbuzi. Chui anakula mbuzi, si vile? Basi mbuzi iko na ruhusa ya kumutukana chui mpaka kufwa. Nikimukuta ku njia, sisemi jambo. Nasema, wee mutumwa, nani alikufungua kamba? Naye ananijibu, kimya, nyama ya kuchoma. Njo heshima yetu."

"Lakini nilikuuliza kama ni kweli! Uliapa na rozari mu mukono!"

"Ku bunungwe hata rozari inaseka."

Lydie akakaa juu ya boksi la vitabu.

Akaanza kukumbuka, moja baada ya nyingine. Aliandika kwamba mtoto Gauthier alinunuliwa na ukoo wa Mama Nkandu kwa kitunga kimoja cha samaki, na kitunga chenyewe kilikuwa kimetoboka. Aliandika kwamba siku ya komunyo ya kwanza mtoto alipokea hostia, akatafuna, akamuuliza padri mchuzi uko wapi. Aliandika kwamba mbuzi jike alimkimbiza mpaka ndani ya mto Luapula, wavuvi wa ng'ambo wakamnasa kwa wavu, wakampima kwenye mizani, wakamrudisha majini kwa sababu hakufikia uzito.

Na hapo, kwa moyo wake laini, Lydie aliongeza sentensi yake mwenyewe: "Tangu siku ile, Honorable hajawahi kumtazama mbuzi machoni."

Msimcheke! Nasema msimcheke, nawasikia. Binti alikuwa amesikia maisha ya wakubwa wengi, na wakubwa wote waliteseka utotoni, huyu alilala njaa, yule alitembea bila viatu. Akaona wake ameteseka zaidi ya wote, akafurahi kupata kitabu kizuri.

"Na Gauthier mwenyewe hakusoma?" Mama Nkandu akauliza.

"Nilimupa karatasi zote. Aliangalia picha. Akauliza kama iko mu kila picha. Akauliza kama niliandika 'Honorable' ku kila ukurasa. Akasinya jina yake chini."

"Njo yeye," Mama akasema kwa upendo. "Njo Gauthier kabisa."

"Mama, atanimaliza! Mbele ya bantu bote! Mbele ya papa yangu!"

Ndipo Mama Nkandu alipoona uso wa binti. Kicheko kikamtoka mwilini. Akasimama, akakaza kitenge.

"Bitabu biko wapi?"

"Biko ku biti. Muntu wa protocole alisha kubipanga."

"Basi tutabipangua. Twende!"

Wakafungua mlango wa ukumbi. Walichelewa.

Ukumbi ulikuwa umejaa, na kila mtu alikuwa na kitabu mkononi, na kila mtu alikuwa kwenye sura ya tatu. Mnajua watu. Mmoja akipiga kelele "Angalieni hapa!", hakuna anayeanza na dibaji.

Upande wa kushoto walikaa watu wa Kasenga, waliokuja na basi nzima. Wale walikuwa wamekwisha kwa kicheko. Baba mmoja mwenye tai alikuwa amelala juu ya mabega ya mwenzake, anapiga goti lake mwenyewe, anasema "Ku mizani! Balimupima ku mizani!" na hawezi kuendelea.

Upande wa kulia walikaa mama wa kwaya, watu wa kwao Lydie, ambao mambo ya chui na mbuzi hawayajui. Wale walikuwa wanalia. Wanalia kweli, leso nje.

"Masikini Honorable," mmoja alisema. "Kwa kitunga. Tena yenye kutoboka."

"Ata mazuri hawakumununulia," mwenzake akaitikia, na wote wakalia upya.

Na katikati, safu ya pili, Papa David. Ameshika kitabu kwa mikono miwili. Miwani imejaa ukungu.

"Lydie, mwana," akasema, "uliandika muzuri. Mi sikujua ule muntu aliteseka vile. Sasa nikimuona na ile gari yake kubwa, sitamukasirikia tena."

Lydie alitaka kufa hapo hapo. Badala yake akapanda jukwaani, akashika micro ya kusemea.

"Bapapa, bamama, tafazali! Kuko kosa ya imprimerie, ya bachapaji. Murudishe bitabu, tutabadilisha!"

Nani arudishe? Wanaocheka walikumbatia vitabu vyao. Wanaolia wakavikumbatia zaidi. Mama mmoja wa kwaya alikitumbukiza chake ndani ya kitenge, akakaza fundo, akamwangalia Lydie kwa jicho la vita.

Mama Nkandu naye alipita kwenye viti vya mbele, ananyakua kitabu, anachana sura ya tatu, anarudisha. Alichana cha kwanza. Alichana cha pili. Akafika kwa padri wa parokia, akanyoosha mkono.

Padri akakivuta kitabu upande mwingine.

"Mama, acha kwanza," akanong'ona, mabega yanatikisika. "Nimefika ku hostia."

Tarumbeta zikalia nje.

Honorable amefika!

Suti nyeupe, viatu vinavyong'aa, polisi wawili nyuma yake na wapiga picha mbele yake. Mkononi amemshika mama yake mzazi, Mama Brigitte, aliyeletwa kutoka Kasenga jana ili akae mbele na apigwe picha. Mama Brigitte ni mzee kweli, mdogo, mkavu, kitenge kipya bado kina karatasi ya duka. Wakamkalisha kiti cha mbele. Akafumba macho papo hapo.

Karibu naye walikaa wakubwa wa chama kutoka Kinshasa, na wajumbe wa machifu. Na pembeni kidogo alikaa Maître Ephraïm, wakili, mpinzani wa Honorable tangu zamani, aliyealikwa kwa sababu moja tu: aone wivu.

"Ndugu zangu!" Honorable akanguruma. "Leo sitasema mingi."

Akasema mingi. Alisema kuhusu barabara. Mama mmoja wa kwaya hakuweza kuvumilia, akasimama, machozi mpaka kidevuni.

"Honorable! Tunakupenda ata kama ulikuwa mutumwa!"

Honorable akaweka mkono kifuani. "Aksanti, mama. Miye niko mutumwa ya raia bote."

Watu wa Kasenga wakauma vitenge vyao.

"Na sasa," akasema, "nitawasomea mwenyewe." Akachukua kitabu mezani, akakifungua katikati.

Lydie akaruka. "Honorable! Anza na dibaji! Dibaji iko muzuri sana!"

"Dibaji ni ya bantu ba kukosa maisha," Honorable akamjibu, na ukumbi ukapiga makofi. Akavaa miwani. Akatoa ile sauti yake ya uwaziri, unayoisikia redioni ukabadilisha stesheni.

"'Siku moja mbuzi jike alimkimbiza mtoto Gauthier hadi ndani ya mto Luapula...'"

Akakohoa. Akaendelea, polepole.

"'Wavuvi wa ng'ambo wakamnasa... kwa wavu. Wakampima... kwenye mizani...'"

Sauti ilikuwa inashuka kama groupe ya umeme inayoishiwa mafuta. Lakini mtu wa siasa akishaanza kusoma mbele ya watu, hajui kusimama. Mdomo uliendelea peke yake.

"'Tangu siku ile, Honorable hajawahi... kumtazama... mbuzi... machoni.'"

Kutoka nyuma kabisa, upande wa Kasenga, mtu mmoja akasema kwa upole sana: "Mêêê."

Eh, ndugu zangu! Upande mmoja ukumbi ulipasuka, upande mwingine mama wa kwaya wakafoka, "Musimuseke, ni mugonjwa wa mbuzi!" Simu za wakubwa wa Kinshasa zilikuwa zote juu, zinarekodi.

Honorable akafunga kitabu. Mshipa wa kipaji cha uso ulikuwa umetoka, mnene.

"Nani," akasema, "nani alisema hii bintu?"

Lydie akasogea mbele akiri. Alimwona baba yake akimtazama bila kuelewa, bado anatabasamu. Na kabla hajasema neno, kitenge kikapita mbele yake, na Mama Nkandu Marceline akapanda jukwaani, mikono kiunoni.

"Ni miye, mutumwa. Uko na shida?"

Watu wa Kasenga wakanyamaza wote. Hapa msomaji shika pumzi nikuambie kwa nini. Kwa watu wa kule, mtu akimkasirikia munungwe wake, huyo si mtu tena. Anayekasirika ndiye ameshindwa, anatozwa kuku ya faini, na jina linabaki linachekwa mpaka kwa wajukuu. Lakini wakubwa wa chama hawajui mambo hayo. Wao wanaona muuza samaki anamtukana mgombea wao mbele ya kamera.

Honorable aliangalia upande huu. Akaangalia upande ule.

"Marceline," akasema. "Nyama ya mishikaki. Nani alikufungua ku kamba?"

Ukumbi ukalipuka!

"Miye nilijifungua, juu wewe mulinzi ulilala! Chui gani anaogopa mvua?"

"Mbuzi gani anavaa pagne? Kitenge hiyo ulikula nusu, ukavaa nusu?"

"Nilikula nusu juu bei yako ilishuka! Samaki ilipanda, wewe ukashuka!"

Watu walikuwa wamesimama juu ya viti. Padri alikuwa anafuta macho kwa kitambaa cha meza. Hata mama wa kwaya, baada ya kuelezwa na jirani, walianza kucheka, na mmoja alikasirika kwamba amelia bure. Papa David alipiga makofi mpaka mikono ikawa myekundu. Hakuelewa chochote, lakini alijua ni kitabu cha binti yake.

Honorable akamshika Lydie begani, akamvuta mbele.

"Muone huyu mutoto! Alienda kutafuta historia yangu kwa mbuzi. Mbuzi akamupa kinyesi. Naye akakiweka mu kitabu ya jalada ngumu!" Akacheka ile ya kweli, ya utotoni. "Mumupigie makofi, muandishi wetu!"

Makofi yakapigwa. Lydie alivuta pumzi kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Alimtafuta baba yake kwa macho, akampungia mkono. Nakwambia furaha aliyokuwa nayo wakati ule, ungeweza kuigawa mtaa mzima.

Hapo mwandishi mwenye huruma angeweka nukta, mkaenda kula. Mimi sina huruma, na Maître Ephraïm pia hana.

Akanyoosha kidole, kwa adabu kabisa.

"Honorable, hongera. Nimeseka sana. Swali moja tu, kidogo. Mi nilianza kusoma ku mwanzo, vile mama alinifundisha." Akafungua kitabu. "Sura ya kwanza. 'Mimi, Gauthier Chilufya, ni wa bena Ng'andu, ukoo wa mamba, damu ya machifu.' Njo wewe ulisema?"

Wajumbe wa machifu wakageuka wote pamoja.

Sura ile Honorable aliisema mwenyewe, amesimama, mkono kifuani, na Lydie akaiandika. Chui, mamba, binti wa reli atajua wapi tofauti? Kwake wote walikuwa nyama za porini.

"Juu kama uko chui," Ephraïm akaendelea, "huyu mama ni munungwe yako, na sisi bote tuseke. Lakini sura ya kwanza ni bongo, uongo mutupu, na damu ya machifu uliiba. Na kama uko mamba, mamba na mbuzi habana bunungwe. Basi mama hakukuwa na ruhusa. Alikutukana tu. Na mwenye kuandika matusi, akayapiga imprimerie, iko na kesi." Akakaa. "Chui ao mamba, Honorable? Tunangoja."

Kicheko kilikufa chote.

Honorable akaangalia wajumbe wa machifu. Ile damu ya mamba ilikuwa nusu ya kampeni yake, na nusu nyingine ilikuwa barabara. Akaangalia wakubwa wa chama. Mmoja wao alitikisa kichwa kidogo sana: chui hapana.

"Miye..." Akarekebisha tai. "Miye niko Ng'andu."

"Yooo!" upande wa Kasenga ukaguna.

Mama Nkandu hakupiga kelele. Alishusha mikono kutoka kiunoni, na kwa mara ya kwanza leo alionekana amechoka.

"Gauthier," akasema. "Unanifukuza mu bunungwe? Tangu batoto tunatukanana muzuri, miye na wewe. Nani atanitukana sasa?"

Ilimuuma, na kila mtu aliona inamuuma. Nadhani hata Honorable aliona. Lakini alikuwa ameshaingia majini, na maji yalikuwa shingoni.

"Huyu mama alinitukana," akasema, haangalii mtu. "Na huyu binti akaandika. Mimi ni mukubwa ya inchi. Polisi!"

Polisi wawili walikuja mbele. Mmoja akamshika Lydie mkono.

"Honorable!" Lydie akalia. "Wewe ulisinya!"

"Nilisinya picha!"

"Mwana yangu hapana!" Papa David alikuwa amesimama, kitabu kimemwanguka, kofia imemwanguka. "Mwana yangu hakutukana muntu! Alikusifu! Mi nililia kwa sababu yako!"

Hakuna aliyemsikiliza. Polisi wa pili alitoa pingu, akamwendea Mama Nkandu.

"Nani anamufunga nani?"

Sauti ilikuwa ndogo, kavu, lakini ilipita ukumbi mzima. Mama Brigitte alikuwa amefumbua macho.

Jirani akamwinamia sikioni, akamweleza. Alieleza kwa muda. Mama Brigitte alisikiliza bila kugeuza uso, kisha akaegemea kiti, akasimama, akapanda jukwaani kidaraja kwa kidaraja. Karatasi ya duka ilimfuata nyuma ya kitenge, hakuna aliyethubutu kuicheka.

"Gauthier."

"Mama, kaa kwanza, hii ni mambo ya politique..."

"Kwetu, ukoo inatoka kwa baba ao inatoka kwa mama?"

Honorable alijikuna shingo. Akawa mtoto wa miaka saba ndani ya suti nyeupe.

"Kwa mama."

"Na mama yako ni nani?"

"Ni wewe, mama."

"Miye niko Ngo. Mama yangu alikuwa Ngo. Mama ya mama yangu, Ngo." Akamsogelea mpaka kilemba cha kichwa chake kikafika kwenye tai ya mwanawe. "Huyu mamba yako ulimutoa mu tumbo gani?"

Mjumbe mmoja wa machifu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena ili aone vizuri.

Honorable akatazama viatu vyake.

Basi Mama Brigitte akamwacha. Akageuka kwa polisi mwenye pingu, kijana mrefu, jasho linamtiririka.

"Ile sura ya tatu, Nkandu hakuitunga peke yake. Miaka yote hii akikuja kwangu, tunachoma mahindi, tunaitunga pamoja, tunaseka mpaka mbavu zinauma. Ingine ya mubaya zaidi njo yangu." Alimwonyesha Lydie kwa kidevu. "Huyu mutoto wa bantu alibeba tu. Kama uko na kufunga, anza na miye."

Na akanyoosha mikono yake yote miwili mbele ya pingu, mikono myembamba kama kuni za kuwashia.

Polisi alirudi nyuma. Akamwangalia Honorable, amwambie la kufanya. Wakubwa wa Kinshasa walimwangalia Honorable. Machifu walimwangalia Honorable. Simu zote za Lubumbashi, ungesema, zilimwangalia Honorable. Akisema ndiyo, ni mamba, na amemfunga mama yake mzazi. Akisema hapana, ni chui, na ugavana umekwenda.

Lydie alisahau kwamba mkono wake umeshikwa.

Honorable akafuta jasho kwa leso.

"Haraka basi, mutoto wa machifu," Mama Brigitte akasema. "Mikono inachoka."